Muuguzi, ulizia maji kabla ya mshahara: namna ya kutafuta kazi na pa kuishi

Saa mbili na nusu asubuhi. Umekabidhi wodi, ripoti umeandika, viatu vinabana kwa sababu miguu imevimba tangu saa tisa usiku. Hapo ndipo utajua kama kazi uliichagua vizuri. Mwenzako anavuka barabara, dakika kumi yuko kitandani. Wewe una daladala mbili na bodaboda moja, ukifika ndoo ni kavu, na jioni unatakiwa uwe umeoga unarudi tena.

Wauguzi wapya huniuliza, "Dada, wapi wanaajiri?" Nami huwauliza: ukiajiriwa, utalala wapi? Kwa watu wa zamu, maswali hayo mawili hayatenganishwi. Nimeona watu wakiacha kazi yenye mshahara mzuri kwa sababu ya maji, na wengine wakikaa miaka kumi mahali pa mshahara mdogo kwa sababu nyumba ilikuwa hatua chache kutoka wodini.

Haya ni kwa anayetafuta Tanzania Bara. Zanzibar afya si jambo la Muungano, wana baraza lao la kusajili wauguzi na utaratibu wao wa ajira, kwa hiyo anayetaka kufanya kazi Unguja au Pemba aanzie huko huko.

Hatua ya 1: Nyoosha karatasi zako kabla tangazo halijatoka

Tangazo likitoka una siku chache tu, wala si wakati wa kukimbizana na wakili. Chukua vyeti vyote, vitandaze kitandani, usome jina herufi kwa herufi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Hamisi, cha chuo kinasema Hamis, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu. Wewe unajua ni mtu mmoja, mfumo haujui. Mwone wakili aandae kiapo cha majina, na kama jina lilibadilika kabisa, sajili hati ya kubadili jina.

Halafu leseni. Kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga (TNMC) ni jambo moja, kuwa na leseni iliyo hai ni jingine. Angalia tarehe ya mwisho leo, na pointi zako za mafunzo endelevu usizisubirishe hadi mwezi wa kuhuisha. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema. Matokeo ya awali kutoka chuoni hayakubaliwi badala ya cheti chenyewe, kwa hiyo kama chuo bado kinakudai ada na kimeshikilia cheti, deni hilo ndilo la kulipa kwanza, kabla ya simu mpya.

Na jua kada yako kwa jina lake la kiserikali. Mwenye cheti ni Muuguzi, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi. Kila mwaka kuna anayebofya nafasi isiyo yake, akaachwa kwenye mchujo bila hata kusomwa.

Hatua ya 2: Jua milango, na jua kila mmoja unafunguka lini

Mlango wa serikali ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unafungua akaunti kwenye Ajira Portal kwa namba ya NIDA, unajaza taarifa zote, unapakia vyeti na barua ya maombi uliyoisaini. Umri mara nyingi usizidi miaka 45. Kuna miaka ambayo kada za afya zimeombewa kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, hivyo tangazo lisome mpaka mwisho ujue linakutuma wapi. Hospitali za taifa na za kanda kama Muhimbili, Benjamin Mkapa ya Dodoma au Rufaa ya Kanda Mbeya zina nafasi zao. Lakini nafasi nyingi ni za halmashauri, na halmashauri maana yake ni zahanati na kituo cha afya, pengine kilomita sabini kutoka makao makuu ya wilaya.

Mlango wa pili watu huudharau mpaka njaa iwafundishe: hospitali za makanisa. Bugando na KCMC ni kubwa na zinajulikana, ila kuna Haydom kule Mbulu, Peramiho nje kidogo ya Songea, Ndanda na Nyangao kusini, Ilembula, Sengerema, Mtakatifu Fransisko Ifakara, Nkinga mkoani Tabora, Kolandoto Shinyanga. Baadhi ni hospitali teule za wilaya, yaani za kanisa lakini zinatumika kama hospitali ya wilaya kwa makubaliano na serikali, kwa hiyo katika wodi moja utakuta wauguzi wawili wanafanya kazi ileile, mmoja analipwa na serikali na mwingine analipwa na hospitali. Ulizia mapema wewe utakuwa upande gani.

Siri ya mlango huu ni majira. Serikali ikitoa orodha ya majina ya walioajiriwa, wauguzi wa hospitali za makanisa wanaondoka kwa makundi. Wiki chache baadaye matroni anapanga zamu hana watu. Wewe ambaye jina lako halikutoka, usikae nyumbani unalia. Huo ndio wakati wa kufunga bahasha. Na bahasha ya hospitali ya namna hii ipeleke kwa mkono: mwone katibu wa hospitali, kisha omba dakika tano kwa muuguzi mkuu. Ukiweza kusema "nimefanya leba mwaka mzima" au "nimekaa thieta", umeshajitofautisha na bahasha arobaini zilizo mezani.

Hospitali binafsi za mijini huajiri haraka na huachisha haraka. Zinafaa kwa kujifunza vifaa na nidhamu ya huduma. Kujitolea nako ni mlango, mradi uwekewe mwisho. Miezi mitatu au sita yenye barua ya utambulisho inakupa uzoefu. Miaka miwili ya nauli tu bila maandishi ni kazi ya bure, hata wakikuita sista kwa heshima.

Hatua ya 3: Pima mahali, si jina la hospitali

Dar es Salaam watu wanaitaka kwa macho yaliyofumbwa. Muhimbili iko Upanga, lakini mshahara wa muuguzi anayeanza haupangi Upanga. Utaishia Mbagala, Gongo la Mboto, au Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda mbele. Kwa zamu ya usiku, kaa kwenye njia ya mwendokasi au kwenye daladala moja ya moja kwa moja, hata kama chumba ni kidogo. Aliyepangiwa Mloganzila ana nafuu: Kibamba na Kiluvya kodi bado inavumilika, na kazini ni karibu.

Moshi, kwa anayefanya KCMC, Longuo na Rau ziko karibu kiasi cha kutembea kwa miguu. Mwanza, Bugando iko juu ya mlima na Igogo iko chini yake. Ni karibu kweli, ila kabla hujakubali chumba cha mlimani uliza maji yanapanda saa ngapi, kwa sababu kwenye mawe yale kuna nyumba ambazo bomba linakohoa hewa mpaka usiku wa manane. Dodoma, wanaofanya Benjamin Mkapa hutazama Ng'ong'ona na Iyumbu, upande wa chuo kikuu. Mgao wa maji Dodoma ni jambo la kupangia maisha. Chumba kisicho na simtanki usikiite rahisi.

Kusini nako kuna funzo zuri la maji. Ukipangiwa Newala au Tandahimba uko juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa taabu tangu enzi za wazee. Nyumba ya maana huko ina kisima cha kuvuna maji ya mvua, na mwenye nyumba anakionyesha kwa fahari kuliko vigae. Shuka chini mpaka Ndanda, kwenye barabara ya Masasi, chemchemi zinatiririka kutoka mlimani. Mkoa mmoja, mshahara mmoja, maisha mawili.

Haydom kuna baridi na upepo. Anayetoka Tanga abebe sweta mbili na asicheke.

Kuhusu zahanati ya kijijini nisiwafiche. Nyumba ya mtumishi mara nyingi iko palepale, hulipi kodi, jirani wanakuletea mahindi na kuku. Lakini hulali ukiwa umetoka kazini, kwa sababu hakuna kutoka kazini. Hodi ya saa nane usiku haiulizi zamu ya nani. Mama amebebwa kwenye pikipiki kilomita kumi na mbili, utamwambia mapumziko yako yameanza? Mkiwa mmepangwa watumishi wawili, furahi. Ukiwa peke yako, kaa na mwenyekiti wa kijiji na mganga mfawidhi, yaani mkuu, wa kituo cha afya kilicho jirani, mpange nani atashika siku ukienda mjini. Usipopanga, kila safari ya benki itakuwa kesi.

Hatua ya 4: Usaili

Kwa serikali kuna mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano, na pengine vitendo katikati. Soma mambo ya kila siku: partografu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi), kuhuisha mtoto mchanga asiyepumua, kuzuia maambukizi, dozi za magneziamu salfeti kwa kifafa cha mimba, mnyororo baridi wa chanjo. Waliofaulu bila kupata nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na wanaweza kupangiwa baadaye bila usaili mwingine. Kwa hiyo laini ya simu uliyojaza usiitupe.

Hatua ya 5: Soma mkataba ukiwa na kalamu

Hii ni zaidi kwa hospitali binafsi na za mashirika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mapacha. Mkataba ukikupa chini ya hapo uliza kwa upole, na jibu liwe kwenye maandishi.

Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, yako na ya mwajiri. Kukatwa kwenye hati ya mshahara hakumaanishi imefika. Baada ya miezi mitatu angalia salio mwenyewe. Mimi mahali pangu pa pili nilikatwa miezi kumi na moja, siku nilipoangalia nikakuta minne. Mhasibu alinitazama kama mimi ndiye niliyekosea kuangalia. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kumbuka asilimia 15 ya mshahara wa msingi itaondoka, uiondoe kwenye hesabu kabla hujaahidi kodi ya nyumba.

Kisha uliza maswali ya nyumba kwenye mahojiano yenyewe. Hayana aibu. Nyumba ya mtumishi ipo? Ni ya peke yangu au ya kushirikiana? Kuna makato? Kama haipo, kuna posho ya nyumba? Zamu ya usiku kuna gari la kuchukua watu? Ukijibiwa "tutaangalia", andika kwenye daftari lako kwamba haipo.

Hatua ya 6: Tafuta nyumba kama mtu anayelala mchana

Dalali anatafutia watu wanaolala usiku. Kwake chumba ni kizuri kikiwa na vigae na choo cha ndani. Mazungumzo huwa hivi:

"Dada, hii chumba self, mpya kabisa, elfu themanini tu."

"Maji?"

"Yapo."

"Fungua bomba nione."

"Leo si siku yake, ila yapo."

Basi umeshajibiwa. Uliza siku yake ni ipi, urudi siku hiyo. Uliza na mama anayekaa chumba cha pili, maana yeye halipwi ukipanga.

Nenda uone nyumba mara mbili: saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Asubuhi unasikiliza. Mimi kituo changu cha kwanza nilipanga nyumba nzuri sana, nikalipa miezi sita, sikujua kwamba ukuta wa nyuma unapakana na mashine ya kusaga. Ilikuwa inaanza saa tatu asubuhi, wakati mimi ndiyo kwanza nimefunga macho. Wiki ya pili nilimpa mgonjwa dawa ya mwenzake mkononi, akanirudishia mwenyewe, "Sista, hii si yangu." Nilihama mwezi wa tatu na kodi iliyobaki ikaliwa. Shule ya msingi, baa, gereji na msikiti au kanisa lenye spika kubwa navyo vihesabie.

Usiku unatembea njia. Kutoka geti la hospitali mpaka mlango wako, saa ileile utakayokuwa unapita. Taa zipo? Kuna kichaka, korongo, vijana wa kijiwe? Bodaboda aliyesimama getini muulize bei ya usiku na jina lake. Bodaboda mmoja unayemfahamu ana thamani kuliko kitasa kipya.

LUKU iwe ya kwako. Umeme wa kuchangia mita moja ni ugomvi unaosubiri siku: jirani ana jokofu la biashara na wewe una balbu mbili, ila mchango ni sawa kwa sawa. Angalia nondo za dirisha na komeo la ndani. Pazia nunua zito, la giza. Ni kifaa cha kazi kama viatu vyako vya wodini.

Sasa pesa. Tuseme kodi ni 80,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita: 480,000. Dalali mwezi mmoja: 80,000. Godoro, ndoo, jiko na pazia havipungui laki mbili. Umeshavuka 750,000 kabla hujanunua mchele, na mshahara bado. Jaribu kuomba miezi mitatu. Mwenye nyumba akijua wewe ni muuguzi wa hospitali ya jirani wengi hulegea, kwa sababu mshahara wa uhakika anaupenda, na ana mama mzee ndani mwenye presha. Hilo la pili litakurudia. Kupimwa presha kwa jirani hakuna ubaya, ila sema tangu mwanzo kwamba nyumbani huchomi sindano wala hugawi dawa. Nje ya kituo hilo linakuletea matatizo na baraza.

Na usisaini makubaliano yasiyo na karatasi. Ukurasa mmoja unatosha: kodi, muda, mita ya umeme, notisi ya kuhama, sahihi mbili, shahidi mmoja.

Hatua ya 7: Vuka miezi mitatu ya mwanzo

Mwajiriwa mpya wa serikali hulipwa baada ya kuingizwa kwenye mfumo wa mishahara na kupata cheki namba, namba yake ya utumishi. Inaweza kuchukua mwezi, inaweza kuchukua zaidi. Siku ya kuripoti beba vyeti halisi, nakala, picha za pasipoti, namba ya akaunti ya benki, na fomu ya uchunguzi wa afya. Uliza posho ya kujikimu siku hiyohiyo, siyo baada ya mwezi. Kila utakapodai baadaye uwe na nakala ya barua yako ya kuripoti yenye muhuri, kwa sababu malimbikizo hulipwa kwa karatasi.

Katikati ya ukame huo atakuja mtu wa mikopo, wa mtaani au wa kwenye simu. Hiyo inaitwa kausha damu kwa sababu inakausha kweli. Akishika kadi yako ya benki, mshahara wa kwanza ni wake. Bora ukope kwa matroni ukamwonea aibu kila asubuhi.

Hatua ya 8: Ukiwaza ng'ambo

Fupi tu. Uingereza unapita baraza lao la NMC: mtihani wa Kiingereza wa IELTS au OET, mtihani wa uuguzi wa kompyuta, halafu mtihani wa vitendo ukifika huko. Nchi za Ghuba huhakiki vyeti vyako na zina mtihani wao. Kote wataomba uthibitisho wa usajili kutoka TNMC, kwa hiyo leseni isife hata siku moja. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza hairuhusu mawakala kuja kuvuna wauguzi kutoka nchi za orodha hiyo. Mtu mmoja mmoja kuomba mwenyewe haijakatazwa. Sasa akija wakala kwenye kundi la WhatsApp na "nafasi 50 za London, lipa usajili", umeshajua ni nani. Kwa Oman na jirani zake soma sehemu ya makazi kwenye mkataba: chumba cha watu wangapi, gari la kazini, na pasipoti inakaa kwa nani. Inakaa kwako.

Hatua ya 9: Kuhama

Ukiajiriwa serikalini, uhamisho kabla ya miaka mitatu usiuwekee tumaini, isipokuwa una sababu nzito ya ugonjwa au ya kufuata mwenza, na hata hiyo inataka vielelezo. Maombi hupitia mfumo wa watumishi wa ESS. Njia inayokwenda haraka ni kubadilishana: mtu wa kada yako anataka kuja ulipo, wewe unataka kwenda alipo.

Matangazo ya kubadilishana yako mengi na mengi hayajibiwi, kwa sababu yameandikwa hivi: "Muuguzi, nipo Kaliua, natafuta wa kubadilishana, Iringa au Njombe." Mwenzangu mmoja aliliandika lake upya: "Afisa Muuguzi Msaidizi, kituo cha afya, Kaliua. Nyumba ya mtumishi vyumba viwili, dakika tatu kwa miguu. Kisima hakikauki kiangazi. Umeme upo. Tuko wauguzi sita, zamu zinazunguka. Natafuta Iringa au Njombe." Alilituma saa saba mchana. Kufikia saa moja jioni alikuwa amepigiwa na watu wanne, na wote wanne walianza kwa kuuliza kisima kina urefu gani.